Macho ya manjano na eosinofili nyingi: ninavyolitafuta jibu nikiwa Pemba

Daktari mgeni akiletwa Pemba, huwa namwambia hivi siku ya kwanza: ukikuta seli nyeupe za eosinofili zimejaa kwenye damu ya mtu mwenye macho ya manjano, usikimbilie vitabu vya maradhi adimu. Tafuta mnyoo. Ukimkosa, mtafute tena kwa njia nyengine. Ukimkosa mara ya pili, ndipo ulitoe kabatini lile jina refu: kolanjaitisi ya eosinofili, yaani kuvimba kwa njia za nyongo kunakoletwa na seli hizo.

Katika miaka 19 niliyotibu kisiwani hapa nimempata mgonjwa mmoja tu mwenye maradhi hayo bila shaka. Na huyo mmoja nusura nimtume akapasuliwe saratani asiyokuwa nayo. Nitamwita Bi Mwani, kwa kazi yake. Alikuwa na miaka 52, mwili wake mkavu, mikono imechakaa kwa chumvi na kamba. Alikuja kwa sababu ya kuwashwa. Manjano hata hakuyataja.

Maradhi yenyewe, kwa ufupi. Eosinofili ni aina ya seli nyeupe. Daktari Mjerumani Paul Ehrlich ndiye aliyezieleza mwaka 1879, na jina lake limetokana na rangi ya eosini, kwa vile chembe zilizomo ndani yake huinywa rangi hiyo zikang'ara. Kazi yao inayojulikana zaidi ni minyoo na mzio. Zikiingia kwenye ukuta wa mrija wa nyongo, ukuta hunenepa, tundu huwa jembamba, nyongo hukosa pa kupita na kurudi kwenye ini na damu. Wakati mwengine zinaivamia njia ya nyongo peke yake. Wakati mwengine zimo pia kwenye mfuko wa nyongo, tumboni, kwenye utumbo au uboho. Ukitazama picha, huwezi kuitofautisha na saratani ya mrija wa nyongo. Ndiyo maana wagonjwa wengi walioandikwa kwenye majarida walijulikana baada ya kupasuliwa, mrija umeshakatwa, mtaalamu wa vinyama (vipande vidogo vya mwili vinavyokatwa kwa uchunguzi) anatazama kioo chake na kusema hapa hapana saratani. Wangetibika kwa vidonge vya prednisoloni, dawa ya steroidi inayozima kuvimba.

Mwaka 2007 madaktari wa Japani walitoa vigezo vitatu ambavyo mimi bado navitumia: ukuta wa njia ya nyongo umenenepa au njia imebana, kinyama kimeonesha eosinofili ndani ya ukuta, na mabadiliko hayo yanarudi nyuma, yenyewe au kwa dawa za steroidi. Eosinofili za kwenye damu hazimo katika vitatu hivyo. Wapo wagonjwa wenye maradhi haya ambao hesabu yao ya damu ni ya kawaida kabisa. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililonikwaza, ingawa kwa mlango wa nyuma.

Anza barazani

Macho usiyaangalie wodini chini ya taa. Mtoe mgonjwa nje, barazani, kwenye mwanga wa jua, umvute kope la chini kidogo. Wavuvi wetu na wakulima wa mwani wana weupe wa jicho uliokwishaingia ukahawia kwa jua na upepo, na daktari kijana huuita ukahawia huo manjano. Tofauti yake ni hii: ukahawia wa jua unakaa pale palipo wazi baina ya kope mbili, lakini manjano ya nyongo yanashuka mpaka kwenye mkunjo wa ndani ya kope ambako jua halifiki. Kisha mwambie anyanyue ulimi. Chini yake nako huwa manjano.

Halafu uliza mkojo na choo, na uulize kwa vitu anavyovijua. Bi Mwani nilimuuliza mkojo wake una rangi gani, akanijibu, "Wa kawaida, mwanangu." Nikamuuliza unafanana na chai ya maziwa, chai ya rangi au kahawa ya kahawani. Akacheka, akasema kahawa. Choo? "Kama udongo mweupe wa kupakia ukuta." Hapo nilishajua njia imeziba, maana homa ya ini ya kawaida mara chache hufanya choo kuwa cheupe hivyo kwa wiki nyingi. Kuwashwa kwake kulikuwa kwa viganja na nyayo, na usiku zaidi. Hiyo ni nyongo ndani ya damu.

Akikwambia jirani zake wamesema ana homa ya manjano, msahihishe kwa upole. Homa ya manjano ni maradhi ya virusi yanayoletwa na mbu, na chanjo yake ipo. Manjano ya macho ni alama tu, na ina baba wengi.

Sasa dawa, na hapa kaa chini hasa. Usiulize "unatumia dawa gani?" Atakwambia hatumii, kwa sababu kwake yeye dawa ni ile uliyomwandikia wewe. Uliza kimoja kimoja: vidonge vya kifafa, vya gauti, Septrini, dawa za kifua kikuu, mizizi ya kuchemsha, unga wa kulamba. Karbamazepini, fenitoini na alopurinoli zinaweza kuleta vipele, homa, eosinofili juu na ini kuumia, vyote pamoja, wiki kadhaa baada ya kuanza. Amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani inaweza kuziba mtiririko wa nyongo hata baada ya mtu kumaliza dozi na kuisahau. Na uliza sindano! Sindano ndiyo niliyosahau kuiuliza.

Uliza pumu na mzio wa aina yoyote. Kama mtu ni baharia, uliza alikaa wapi na alikula nini: samaki mbichi wa mito ya Thailand au ya kusini mwa China wana mnyoo bapa anayeishi ndani ya njia za nyongo kwa miaka mingi. Mabaharia wetu wamefika kote huko.

Mgonjwa akiwa na manjano, homa ya kutetemeka na maumivu ya ubavu wa kulia juu, funga mwongozo huu. Hayo matatu daktari Mfaransa Charcot aliyaandika mwaka 1877 na mpaka leo maana yake ni moja: usaha ndani ya njia ya nyongo. Antibayotiki za mshipa saa hiyo hiyo, na mipango ya kuifungua njia. Eosinofili zitangoja.

Hesabu kwa jicho, usiiamini mashine

Mashine nyingi za FBP (hesabu kamili ya damu) kwenye hospitali ndogo hugawa seli nyeupe mafungu matatu tu. Eosinofili hutiwa kwenye fungu la katikati pamoja na monositi na basofili, na karatasi inatoka bila neno eosinofili. Daktari akisoma karatasi hiyo anadhani hazipo. Kwa hiyo ukitaka eosinofili, andika kwenye fomu kwamba unataka slaidi na hesabu ya mkono, kisha nenda mwenyewe maabara ukaseme kwa mdomo. Fomu husomwa kwa haraka, mtu aliyesimama mlangoni hasahauliki.

Fundi wetu wa maabara, mtu wa Wete ambaye sote tunamwita Mwalimu, alinifundisha kuzisoma. Damu nyembamba, iliyokaushwa vizuri na kuwekwa methanoli kabla ya rangi. Tafuta pale ambapo seli nyekundu zinagusana kidogo bila kupandana. Eosinofili ina kiini cha mafungu mawili kama miwani, na mwili wake umejaa chembe kubwa za rangi ya chungwa, zote za ukubwa mmoja, kama mkeka wa karafuu zilizoanikwa zikitazamwa kutoka juu ya mnazi. (Mfano huo ni wake. Babake alikuwa mkwezi.) Hesabu seli nyeupe 100, uandike ngapi ni eosinofili. Kisha zidisha kwa jumla ya seli nyeupe. Mtu mwenye seli nyeupe 11,200 na eosinofili 34 katika 100 ana eosinofili 3,808 kwa maikrolita. Kawaida ni chini ya 500. Zikipita 1,500 zikakaa hapo, moyo nao uko hatarini, na lazima utafute namna ya kuupima kwa altrasaundi kabla mgonjwa hajaanza kuhema.

Asilimia peke yake inadanganya. Asilimia 12 ya seli 3,500 ni 420, si kitu. Asilimia 12 ya seli 18,000 ni 2,160.

Sasa lile kosa langu. Hesabu ya kwanza ya Bi Mwani ilitoka eosinofili 2 katika 100. Altrasaundi ikaonesha mirija ya nyongo ndani ya ini imetanuka, na pale inapokutana mlangoni mwa ini ukuta umenenepa na tundu limebana. Mwanamke wa miaka 52, manjano yasiyo na maumivu, kilo zimepungua. Nikaandika rufaa: saratani ya mrija wa nyongo, apelekwe Dar es Salaam kwa upasuaji. Safari ikachelewa siku 9, kwanza kwa nauli, kisha kwa sababu alitaka kumaliza bamvua ile avune mwani wake. Mimi nilikasirika. Kumbe bamvua ile ndiyo iliyomwokoa. Siku moja kabla ya boti Mwalimu alirudia damu, maana barua ya rufaa ilitaka majibu mapya. Akaja mlangoni kwangu na slaidi mkononi, hakuja na karatasi. "Daktari, huyu si yule wa wiki iliyopita?" Eosinofili 34.

Nikamrudia mgonjwa, na safari hii nikauliza sindano. Kumbe kwa ajili ya kuwashwa alikwenda kwenye duka moja la dawa, akachomwa "sindano ya mzio" mara mbili, ya mwisho siku moja kabla ya kuja kwangu. Ilikuwa deksamethasoni, nayo ni steroidi. Steroidi huziondoa eosinofili kwenye damu ndani ya saa chache. Hesabu niliyoisoma ilikuwa ya dawa, haikuwa ya mgonjwa. Tangu siku hiyo, mtu yeyote aliyepata steroidi, iwe sindano, vidonge au unga wa kienyeji ambao hakuna ajuaye umechanganywa na nini, namrudia damu baada ya wiki moja au zaidi kabla sijaamini kitu. Hata saa ya siku ina neno lake: eosinofili hupungua asubuhi na kupanda usiku, kwa hiyo ukitaka kulinganisha hesabu mbili, zichukue saa ileile.

Mnyoo, tena mnyoo

Pemba ni mahali pazuri pa kutafutia minyoo. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko pale Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000, na kazi kubwa ya kuchunguza minyoo ya kisiwa hiki imepita mikononi mwao. Sina sababu ya kuwa mvivu wa kinyesi nikiwa na majirani kama hao.

Kinyesi kimoja hakitoshi. Chukua tatu, siku tofauti. Njia ya Kato-Katz, ile ya kijitundu cha miligramu 41.7 ambayo mayai unayoyahesabu unayazidisha kwa 24, ni nzuri kwa mchango (ule mnyoo mrefu wa mviringo) na kwa mnyoo wa mjeledi. Safura pia utaiona, lakini isome slaidi ndani ya nusu saa. Ukienda kunywa chai, glisirini inayasafisha mayai ya safura mpaka yanapotea.

Mchango ndio wa kwanza kushukiwa katika njia ya nyongo. Mnyoo yule hupenda kupenya vitundu, na akifika pale mrija wa nyongo unapomiminia utumboni anaweza kupanda juu. Huyu huonekana kwa altrasaundi, na ukimwona mara moja humsahau: mistari miwili myeupe inayokwenda sambamba ndani ya mrija, katikati kuna weusi mwembamba, haitupi kivuli nyuma yake kama jiwe linavyotupa. Kama tambi moja ndefu ndani ya bomba. Mweke mgonjwa kimya, mkono wako usitikisike, ungoje. Akijikunja mbele ya macho yako, mjadala umekwisha. Niliwahi kumwonesha mama wa mtoto mmoja pale kwenye kioo. Alitoka mbio akaniachia mtoto.

Kwa altrasaundi ya nyongo mgonjwa awe hajala kwa muda wa saa 6 hadi 8, ili mfuko wa nyongo ujae. Ramadhani inaturahisishia: baada ya adhuhuri karibu kila aliyekaa kwenye benchi yuko tayari.

Wa pili ni yule mdogo anayeitwa strongiloidi, na huyu ndiye ninayemwogopa kuliko wote. Kato-Katz haimwoni. Mayai yake huanguliwa ndani ya utumbo, kinachotoka ni watoto, na hutoka wachache. Mtafute kwa faneli: kinyesi kibichi, kisichowekwa kwenye friji, kifungwe kwenye chachi, kiwekwe juu ya maji ya uvuguvugu ndani ya faneli iliyofungwa mpira na kibanio kwa chini. Watoto wa mnyoo hukimbilia kwenye joto na maji, wanazama. Acha saa kadhaa, kisha fungua kibanio, chukua maji ya mwanzo, yazungushe, tazama. Kinyesi kikiwa cha jana, hata safura huwa imeshaanguliwa na watoto wao wanafanana. Tofautisha kwa mdomo: wa strongiloidi ana mdomo mfupi mno, wa safura una mfereji mrefu.

Kwa nini namwogopa? Kwa sababu strongiloidi anaweza kukaa ndani ya mtu kwa miongo akijizalisha mwenyewe, na ukimpa mtu huyo prednisoloni unamfungulia mlango. Minyoo huongezeka, hupasua utumbo, huingia mapafuni na kubeba bakteria mpaka kwenye damu na ubongo. Mtu anaweza kufa kwa dawa uliyompa ya kutibu eosinofili ambazo zilikuwa zikimpigania. Basi mimi kwa watu wa visiwa hivi sisubiri hata kumwona: kabla ya steroidi natoa ivermektini, maikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, siku mbili, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye nampigia simu kwanza mtu anayejua kuliko mimi. Albendazoli kidonge kimoja, ile wanayogaiwa watoto skuli, haimtoshi mnyoo huyu.

Wa tatu ni mnyoo bapa wa ini. Wachinjaji wanamjua vizuri, maana akikaa kwenye maini ya ng'ombe humfanya mwenye duka kutupa nusu ya mzigo. Kwa binadamu ni wa nadra, ila akiingia hupita ndani ya nyama ya ini kabla hajafika kwenye mirija, na katika miezi hiyo ya mwanzo eosinofili ziko juu sana na kinyesi hakina yai hata moja. Uliza kuhusu majani ya majini yaliyoliwa mabichi na maji ya bondeni yasiyochemshwa. Kwa kinyesi tumia njia ya kutuamisha, yai lake ni kubwa, linapita mikroni 130, lina kifuniko upande mmoja. Na prazikwanteli haimfai. Dawa yake ni triklabendazoli.

Kichocho na matende hupandisha eosinofili pia lakini haviwezi kukuelezea mrija wa nyongo ulioziba, maana kichocho cha visiwani kwetu ni kile cha mkojo. Vipime, uvitibu, ila visikupe raha ya kuacha kutafuta. Hilo ni kosa la pili ninaloliona mara kwa mara: daktari anapata mayai mawili ya safura, anashusha pumzi, anaandika "minyoo" na kufunga faili. Mtu anaweza kuwa na safura na saratani siku moja.

Bi Mwani alikuwa na safura chache, na kwenye faneli tukapata watoto wawili wa strongiloidi. Nikafurahi, nikadhani jibu ni hilo. Tukampa ivermektini na albendazoli. Kwa kawaida baada ya kutibu minyoo nasubiri wiki 4 hadi 6 ndipo narudia hesabu, kwa sababu eosinofili hazishuki siku moja. Kwake sikuweza kungoja zote. Bilirubini, ile rangi ya manjano ya nyongo ndani ya damu, ilikuwa inapanda kila wiki. Wiki ya tatu eosinofili zilikuwa 3,100, akavuka bahari.

Damu nyengine na picha

Hapa nitapita haraka. Bilirubini ya moja kwa moja na ALP (kimeng'enya kinachopanda nyongo ikikwama) zikiwa juu kuliko ALT na AST (vimeng'enya vya seli za ini), ni kuziba. Pima homa ya ini ya B na C, pima VVU, kwa sababu mwenye CD4 (seli za kinga) chini ya 100 anaweza kuvimba njia za nyongo kwa vijidudu vyengine kabisa. Mwenye selimundu hutengeneza mawe ya nyongo mapema. IgG4 (aina ya kingamwili) ipimwe kama sampuli inaweza kusafirishwa, kwa vile maradhi ya IgG4 nayo hubana mirija, nayo huleta eosinofili, nayo hupona kwa prednisoloni. CA 19-9, kipimo cha damu cha kushuku saratani, usiipe uzito mtu akiwa na manjano: nyongo iliyokwama huipandisha peke yake. Pima na kuganda kwa damu. Vitamini K haifyonzwi bila nyongo, na mtu wa namna hii akichomwa sindano ya ini anaweza kuvuja damu mpaka kuanguka. Mpe vitamini K ya sindano siku kadhaa kabla.

MRI ya njia za nyongo inaonesha ramani yote bila kumwingiza mtu kitu. Ukiona mbano laini, ukuta umenenepa sawasawa pande zote, moyo wako uelekee kwenye kuvimba kusiko kwa saratani. Mbano wenye kingo za kukatika, saratani. Lakini usikate shauri kwa picha. Wapo waliokatwa kwa picha.

Kinyama

Bila kinyama huna jibu, na kinyama kinapotea njiani kirahisi. Cha kwanza cha Bi Mwani kilichukuliwa kwa endoskopia (mpira wenye kamera unaopitishwa kinywani) Dar es Salaam, katika hospitali ambayo sitaitaja, kikatiwa kwenye chupa ya maji ya chumvi ya dripu badala ya formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze. Kilikaa mwisho wa wiki mzima. Majibu yakasema: seli zimeoza, haisomeki. Ikabidi aingizwe mpira tena. Alipokuja kunieleza hakulalamika, alisema tu, "Mwanangu, ule mpira wa pili niliuona mrefu kuliko wa kwanza."

Kwa hiyo sasa mgonjwa wangu anasafiri na chupa zake. Formalini asilimia 10, kiasi cha mara kumi ya ukubwa wa kinyama, kifuniko kimefungwa kwa plasta, jina limeandikwa kwa penseli kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni wala si juu ya kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Na barua yenye maneno matatu ninayoyapigia mstari: "hesabuni eosinofili tafadhali." Asiyeombwa huandika "uvimbe sugu, hakuna saratani" akamaliza kazi yake kwa haki kabisa.

Waambie wachukue vipande zaidi ya kimoja, na vya kina. Eosinofili za maradhi haya hukaa ndani ya ukuta mzima, na kijibrashi kinachokwangua juu juu hakizifikii. Kijibrashi kisipopata saratani pia hakimaanishi haipo. Kama mrija haufikiki, kipande cha ini, cha tumbo au cha utumbo, na uboho, vinaweza kusema. Kama mfuko wa nyongo umetolewa zamani na block ya nta bado ipo, iombe ikatwe upya: mfuko ambao seli zake za uvimbe zaidi ya 90 katika 100 ni eosinofili ni ushahidi mzuri. Mtaalamu pia aangalie uboho na damu kwa leukemia ya eosinofili (saratani ya damu) na limfoma (saratani ya tezi), kwani hizo hujificha nyuma ya eosinofili.

Na kamwe usitoe prednisoloni kabla ya kinyama. Utakuwa umefuta maandishi kabla hujayasoma. Limfoma nayo husinyaa kwa steroidi kwa wiki chache, ikakufanya ujione bingwa, kisha ikarudi.

Prednisoloni kama kipimo

Kigezo cha tatu kinapimwa kwa dawa. Kinyama kimesoma eosinofili ndani ya ukuta, saratani haikuonekana mara mbili, minyoo imetibiwa, homa ya ini ya B imepimwa, kifua kikuu kimetafutwa, sukari inajulikana: hapo naanza miligramu 30 hadi 40 kwa siku, asubuhi, baada ya chakula. Eosinofili za damu hushuka ndani ya siku chache, na hilo halithibitishi kitu, kwani kwa steroidi zingeshuka hata kama maradhi ni mengine. Ninachongoja ni ALP, bilirubini na picha. Ndani ya wiki 4 hadi 6 mrija uwe umefunguka. Usipofunguka, usiongeze dozi kwa ukaidi. Rudi kwenye saratani, omba kinyama kipya.

Bi Mwani wiki ya pili alilala usiku mzima bila kujikuna, akasema choo kimerudi rangi ya watu. ALP yake ilikuwa 640, wiki ya sita ikawa 150. MRI ya pili ilionesha mlango wa ini uko wazi. Mwalimu aliomba aone picha ile, akaishika dirishani muda mrefu bila kusema neno.

Tukaanza kushusha dozi taratibu, na hapo ndipo uvumilivu unapotakiwa, kwa sababu maradhi haya hupenda kurudi dozi ikishuka. Alipofika miligramu 7 na nusu eosinofili zilirudi 900 na kuwashwa kukaanza viganjani. Nikampandisha hadi 10, na hapo ndipo alipo. Anakuja kila baada ya miezi mitatu, damu kwanza, kisha dawa. Tarehe hapangiwi na mimi. Anaangalia mwezi, anakuja siku za maji mafu, kwa sababu siku za bamvua hapatikani.